Chaki Ndani ya Kochi

"Usimwinue kwanza," wifi alisema. "Mwache hapo hapo. Amestarehe kuliko sisi wenye viti."

Bi Springi alikuwa chali katikati ya karakana yake, juu ya kipande cha sponji ya inchi nne, magoti ameyakunja, mikono ameiweka kifuani kama maiti mwenye adabu. Mwanga wa saa sita uliingia dirishani ukiwa umenyooka, na ndani yake nyuzi za pamba zilizotoka kwenye mito ya watu zilikuwa zinaelea. Zilipanda, zikasita, zikageuka, zikashuka kidogo, zikapanda tena, mfano wa wageni walioelekezwa nyumba vibaya na hawana haraka ya kufika. Alikuwa akizitazama tangu saa tano.

Vidonge vilishamfikia. Tangu aongezewe dozi, nusu ya mchana aliishi upande huu na nusu aliishi upande wa pili wa usingizi, na mara nyingine hakujua yupo wapi mpaka amsikie wifi yake. Hapo ndipo alipopata hakika kwamba yuko macho. Hakuna ndoto inayoweza kubeba maneno mengi kiasi kile.

"Siku nane," akasema msusi, ambaye saluni yake ilipakana ukuta na karakana na ambaye alikuja kila adhuhuri na kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. "Wiki moja na siku moja, Bi Springi anafunguliwa tena. Ama kweli mgongo umekuwa mkoba."

"Funga mdomo wewe," wifi akamwambia, lakini alicheka.

Jina la Bi Springi lilitolewa na mtaa zamani, kabla mgongo haujamwasi. Alikuwa fundi wa makochi. Hakuna sebule katika mitaa ile mitatu ambayo hakuikalisha watu vizuri. Kazi aliachiwa na mumewe, aliyemfundisha yote kisha akafa, miaka tisa sasa, bila kumwambia kwamba kuinamia viti tangu asubuhi hadi jioni kuna siku hudai haki yake. Mwaka juzi pingili za chini za mgongo zilimkaba mshipa hadi mguu ukawa unaburuta. Akafanyiwa upasuaji, akatiwa skrubu nne na vyuma viwili. Mtaa ukasema jina sasa limempata mwenyewe.

Miezi saba alitembea kama msichana. Mwezi wa nane kikaanza kitu chini ya kiuno, kwanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, baadaye kama mwenye nyumba. Picha mpya ikapigwa. Daktari akamwonyesha: skrubu moja imelegea, na mfupa uliotakiwa kuungana haujaungana sawasawa. "Itabidi turudie, mama," akasema kwa upole. Wakaandika Alhamisi ya wiki ijayo.

Sasa, rai ya pili Bi Springi alikuwa nayo. Alikuwa nayo ya tatu, ya nane na ya ishirini, maana nyumba yake haikuwahi kukosa watu, na kila aliyeingia kumpa pole alitoka amemwachia ushauri. Wifi alikuwa na habari za bwana mmoja aliyefunguliwa mgongo mara mbili na sasa anatembea kama aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana. Msusi alikuwa na habari za mume wa mteja wake aliyefunguliwa mara mbili na mwezi uliopita alicheza harusini mpaka akavua koti. Walibishana siku mbili nzima kabla ya kugundua kuwa wanamzungumzia mtu mmoja.

"Alikuwa anacheza?" wifi aliuliza.

"Alikuwa anacheza."

"Kama amebeba ndoo?"

Msusi alifikiri. "Kwa kweli," akasema, "ile staili sikuwahi kuiona kwa mwingine."

Aliyekuwa hacheki ni binti yake Bi Springi. Yeye alifanya kazi kwenye duka la fotokopi, na tangu ugonjwa uanze, karatasi zote za mama yake alizitoa nakala tano tano, kana kwamba maradhi yangechanganyikiwa yasijue yashike ipi. Mchana ule alikuwa amekuja na bahasha kubwa ya picha kifuani.

"Mama, yupo daktari mwingine," akasema. "Mwanamke. Yuko hospitali ya ng'ambo ya mji, kazi yake ni migongo tu. Huja dukani kutoa nakala za masomo yake. Nimemweleza. Amesema tukamwone Jumatatu, aangalie kwa macho yake, halafu wewe uamue. Akikubaliana na wa kwanza, sawa, utalala mezani moyo umetulia. Asipokubali, tutajua kabla ya kisu badala ya baada yake."

"Haya ndiyo maneno!" wifi akapiga kofi. "Ila muende kimyakimya. Yule wa kwanza asipate hata harufu. Madaktari wana wivu kama wake wenza."

"Siendi kimyakimya," ilisema sauti kutoka sakafuni.

Wote watatu wakainamisha vichwa kumtazama.

"Siendi kimyakimya," Bi Springi akarudia, macho bado kwenye nyuzi za pamba. "Yule ndiye aliyenifunga. Yu hai, ana miguu, ana ofisi. Nitamuaga."

"Ukamuage!" Wifi alimgeukia msusi. "Umesikia? Mgonjwa anamuaga daktari kwamba anakwenda kwa daktari. Vidonge hivyo punguzeni."

Lakini binti hakumpinga mama yake, kwa sababu alikulia kwenye karakana ile na aliijua kanuni. Baba yake alikuwa nayo na mama yake aliirithi pamoja na nyundo. Kiti kilichofungwa na fundi mwingine hukifungui kabla hujamtafuta huyo fundi, kama yu hai, ukamwuliza alikuta nini na akaacha nini. Na wewe ukishamaliza, kabla hujagongomea kitambaa cha mwisho, unachukua chaki na kuandika juu ya mbao, ndani, mahali ambapo mwenye kiti hatapaona maishani mwake: tarehe, ulichobadilisha, ulichokiacha. Unamwandikia mtu usiyemjua, ambaye labda hajazaliwa. *Mguu wa nyuma ulipasuka, nimeutia gundi.* *Gunia ni la zamani, bado zima.* Marehemu hakuweza kuandika bila mzaha. Bi Springi alishawahi kufungua kiti cha mwalimu mkuu akakuta: *Huyu bwana hukalia upande mmoja. Sikumwuliza kwa nini.*

Na hapo hapo karakanani, hatua mbili kutoka sponji aliyolalia, palikuwa na kochi la watu watatu lililokaa wazi miezi minne. Mwenye nalo alikuwa mtu mpole, aliyesafiri, asiyeuliza. Siku Bi Springi alipolivua kitambaa aliona fundo moja la kamba, akajua. Mumewe alikuwa mashoto. Mafundo yake yalitazama upande ambao mafundo ya watu hayatazami. Akachungulia katikati ya springi na kuona, ndani kabisa, kwenye mbao ya chini ya mbele, mistari myeupe ya chaki. Kuisoma kulihitaji mtu apige magoti, ainame, aingize kichwa na bega kwenye tumbo la kochi na kujipinda kuelekea kulia. Alipojaribu, maumivu yalimnyoosha kama mtu aliyevutwa nywele. Kulipindua kochi na kulifungua kwa chini kungetaka akate kwanza mafundo ya marehemu, na hakuwa tayari kuyakata kabla hajajua yamesema nini.

"Nitakupigia picha na simu, mama," binti alimwambia siku ile. "Dakika moja tu."

"Sisomi barua ya mume wangu kwenye simu," Bi Springi alijibu, na tangu hapo kochi lilikaa.

*

Daktari wa kwanza alikuwa kijana mwenye vidole virefu na viatu visivyojua vumbi. Bi Springi alimpenda tangu mwanzo kwa sababu ya vile vidole. Alimweleza habari za daktari wa pili akiwa amesimama, maana kukaa kulimuuma na kusimama pia, lakini kusimama kulikuwa na heshima.

Daktari alisikiliza. Alifungua kifuniko cha kalamu, akakifunga, akakifungua.

"Huniamini, mama?"

"Ningekuwa sikuamini ningepita uchochoroni. Wifi yangu alishanichorea ramani."

Kitu kilichotaka kuwa tabasamu kilipita usoni mwa kijana, kikaamua kutokaa.

"Daktari, nikuulize," Bi Springi akasema. "Siku ile uliponifunga, uliandika?"

"Niliandika nini?"

"Ulichokikuta. Ulichokiweka. Ulichokiacha."

Kalamu ilitulia. "Ndiyo. Tunaandika ripoti, kila upasuaji."

"Basi ndiyo nimeifuata. Picha ninazo, binti yangu amezitoa nakala mpaka majirani wanazo. Lakini picha inaonyesha kiti, haionyeshi mkono wa aliyekitengeneza. Huyo mwenzako nataka asome mkono wako."

Nje, kwenye korido, mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu moja linalolia. Kililia kikaenda, kikaenda, mpaka sauti ikawa nyembamba kama uzi na kukatika. Kijana aligeukia kompyuta. Mashine ikatoa karatasi mbili. Badala ya kumpa, alianza kuzisoma mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika zamani na kushangaa kuwa alikuwa yeye. Mahali fulani kwenye ukurasa wa pili macho yalisimama. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akainama, akaandika mstari mmoja kwa mkono pembeni ya karatasi, akatia sahihi.

"Alhamisi sijaifuta," akasema akimpa. "Ukija, umekuja. Usipokuja, nipigie wewe mwenyewe. Nisije kuyasikia kwa watu."

"Hayo ndiyo niliyotaka kukukinga nayo, mwanangu," akasema Bi Springi, na kwa mara ya kwanza hakumwita daktari.

*

Usingizi wa vidonge ulimchukua Jumapili alasiri, nyumba ikiwa imejaa watu na mlango wazi. Alisikia vikombe, alisikia wifi akiapa kwamba fulani ameachika, na sauti zile zikawa pamba, zikamwinua.

Alijikuta karakanani. Kwenye meza ya kazi palikuwa na mgongo. Ulikuwa wake, aliujua kwa kovu, mshono wima wa pini thelathini na moja, ambao siku zote aliuona kwenye kioo kwa kujipinda na leo ulikuwa mbele yake umelala kwa ustaarabu. Akachukua kipande kile cha chuma anachong'olea misumari, akaanza kuzitoa pini moja moja. Haikuuma. Ngozi ilifunguka kama kitambaa kizuri kinachofuata mkasi, chini yake gunia, chini ya gunia springi, zote zimefungwa, zote zinapumua. Na kwenye mbao ya ndani kulikuwa na maandishi ya chaki. Aliona weupe wake. Aliinama kusoma, lakini kila alipoinama mgongo nao uliinama, kwa kuwa ulikuwa wake, na maandishi yakabaki hatua ile ile mbele ya macho. Hakuona neno, aliona ule mwandiko wenyewe tu, umelalia kushoto.

Alipoamka wifi alikuwa amemfunika miguu kwa khanga na anaendelea kuhadithia, sauti ameishusha.

*

"Kiti chako kimekatika mkanda," Bi Springi alisema Jumatatu, kabla hata hajasalimia.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, na kweli, kwenye kiti chake alizama upande wa kushoto, kama mtu anayetega sikio kusikia siri.

"Mwaka wa tatu huu," akajibu. "Nimezoea."

"Huzoei. Mgongo wako ndio unaozoea, na siku moja utakuletea majibu. Shikamoo si yangu kukupa, umri wetu naona ni mmoja. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Kaa." Akamwangalia. "Au simama. Unavyopenda."

Alizitazama picha moja moja kwenye mwanga. Akasoma ripoti, na alipofika ukurasa wa pili alivaa miwani sawasawa, akasoma ule mstari wa mkono mara mbili, halafu akaiweka karatasi chini kifudifudi, kama mtu anayeficha karata zake.

"Sahau picha," akasema. "Nionyeshe panapouma. Kidole kimoja tu."

Bi Springi alisita. Mwaka mzima alikuwa amesema *mgongo*, na kwa neno hilo watu wote walijua pa kutazama. Sasa alipeleka mkono nyuma, akapita kovu, akashuka, akaenda kulia, na dole gumba likajikita penyewe kwenye kishimo kilicho juu ya tako, pale pale, bila kutafuta.

"Hapo?"

"Hapo."

Daktari alimtembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Alimgonga magoti. Alimgusa nyayo kwa pamba na kumwuliza kama anasikia. Akamlaza, akamkunja mguu, akaukandamiza kwa nje, na Bi Springi akapiga yowe. Mlangoni, kutoka korido, wifi akajibu kwa yowe lake: "Anakuua?"

"Bado!" Bi Springi akapaza sauti.

Daktari alicheka hadi miwani ikadondoka ikaning'inia. Akamsaidia kuinuka, akakaa kwenye kiti chake kinachozama.

"Nisikilize, mama. Skrubu imelegea, kweli. Mwenzangu hakukudanganya. Kama miguu yako ingekuwa inaisha nguvu, au mkojo unatoka bila ruhusa yako, ningekwambia usingoje hata hiyo Alhamisi. Lakini miguu yako ni mizima. Kwa hiyo tuna nafasi ya kuuliza swali moja: hiyo skrubu, pamoja na kulegea, je, ndiyo inayolia?"

Bi Springi alimtazama. Alifahamu swali hilo kuliko daktari alivyodhani. Ni mara ngapi mteja ameleta kochi akisema springi imekufa, na springi ni nzima?

"Hapo ulipoweka dole," daktari akaendelea, "ni chini ya vyuma. Ni kiungo ambapo mgongo unakutana na nyonga. Juu pakikazwa kwa vyuma, chini yake hubeba mzigo wa wote. Na tazama hapa." Akaigeuza karatasi. Bi Springi aliuona mwandiko wa kijana, wa haraka, uliolalia kulia: *Mfupa wa kupandikiza niliutoa nyonga ya kulia. Tafadhali angalia na hapo.* "Hili alilikumbuka mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Si kila fundi anamwachia mwenzake mstari kama huu."

"Ndiyo maana nilimuaga," Bi Springi akasema polepole.

"Kesho saa nne nitakuchoma sindano ya ganzi kwenye kiungo hicho. Si dawa ya kudumu, usije ukanishukuru bure, ni swali. Ganzi itafanya kazi saa mbili, tatu. Saa hizo usilale! Fanya yale usiyoyaweza. Kila nusu saa binti aandike maumivu ni mangapi kati ya kumi. Yakipungua sana, basi tumempata anayelia, na skrubu tunaweza kuiacha, tukaiangalia, tukatibu hapa bila kukufungua. Yasipopungua, Alhamisi utakwenda kwa yule kijana, na mimi ndiye nitakayekwambia nenda."

"Na yakipungua nusu?"

"Basi," daktari akasema, akizama kidogo zaidi kushoto, "nitakwambia sijui, tutaongea sote watatu. Kutojua nako ni jibu, mama. Si tamu, lakini ni la kweli."

*

Sindano ilikuwa ndefu na haikukaa sana. Kufika saa tano na nusu walikuwa nyumbani, na nyumba ilikuwa imejaa pomoni. Binti alishika daftari. Kabla ya sindano aliandika: *nane*. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu lile jambo ambalo Bi Springi hakuliweza.

"Acheze," wifi akasema. "Mimi napiga meza."

"Akae," msusi akasema. "Akae kitako nimsuke saa mbili bila kulalamika. Hicho ndicho kipimo, hata asiyeumwa hashindi."

Bi Springi alisimama kati yao kama mtu aliyeshuka mahali asipopajua. Pale chini kulia, mahali pa mwenye nyumba, palikuwa kimya. Haukuwa ukimya wa kupona. Ulikuwa ule wa chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi na unaweza kusikia alipokuwa. Hakuuamini. Alitembea juu yake kwa ncha, asije akauamsha. Akapita katikati ya watu, hakumjibu yeyote, akaingia karakanani.

Jua lilikuwa dirishani. Pamba zilikuwa zinaelea, hazijafika bado.

Alisimama mbele ya kochi. Alishika mkono wa mbao wa kochi, akashusha goti la kushoto, akangoja. Kimya. Akashusha la kulia, akangoja. Nyuma yake mlango ulikuwa umejaa vichwa na, ajabu ya Mungu, hata wifi alikuwa hasemi. Akainama. Akapitisha kichwa kati ya springi ya pili na ya tatu, kisha bega, akajipinda kulia, upande ule ule.

Ndani ya kochi kulikuwa na dunia nyingine. Mwanga uliingia kwa vijitundu vya gunia ukatawanyika vidoadoa, na springi zilisimama pande zote zikiwa zimekaza kamba zao, kila moja ikiwa na fundo lililotazama upande wa mashoto. Harufu ilikuwa ya vumbi, gundi ya zamani, na pamba ambayo watu wameikalia wakicheka, wakigombana, wakisubiri simu. Sauti za nyumba zilimfikia kwa mbali, kama zinatoka ng'ambo ya maji. Alidhani labda anaota. Lakini ubao ulikuwa mbele ya pua yake, na maandishi safari hii hayakurudi nyuma. Yalimngoja.

*Kamba zote mpya. Springi ni nzima, sikuzigusa. Kamba za zamani zililiwa na mbwa wa mwenye kochi, usimtilie kamba laini. Wewe unayesoma: umepitishaje kichwa? Mimi changu kimekwama, na mke wangu amekwenda sokoni.*

Kicheko kilianza tumboni kabla hakijajua kama kina ruhusa. Kilipanda, kikatikisa mbavu, kikatikisa vyuma viwili na skrubu nne, ile iliyolegea nayo ikiwamo, kikatikisa springi, na kochi zima likaanza kutetemeka na kulia mlio wa chuma kana kwamba linacheka lenyewe. Akaikumbuka siku hiyo! Alirudi na kapu lake kichwani akamkuta amepiga magoti hivi hivi, makalio nje, anaimba ili asionekane ana hofu.

"Anacheka au analia?" msusi akanong'ona.

"Hata mimi sijui," wifi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mama." Binti alikuwa amechuchumaa kando ya kochi, kalamu juu ya daftari. "Mama, nusu saa imefika. Mangapi kati ya kumi?"

 Kicheko kilimtoka Bi Springi kidogo kidogo, akabaki ametulia humo ndani, shavu karibu na ubao, akiusikiliza mgongo wake jinsi mtu anavyousikiliza mlango baada ya kudhani amesikia hodi. Mbali huko, pembeni kabisa, palikuwa na kitu. Au hapakuwa. Chini ya mwandiko wa mumewe ubao ulikuwa mtupu, mpana kiasi cha kiganja.

"Mama?"

"Ngoja," sauti ikasema kutoka ndani ya kochi. "Niletee chaki kwanza."

Mkono wake ukatoka katikati ya springi, umefunguka, kiganja juu, ukakaa hapo hewani ukingoja. Uzi mmoja wa pamba ulishuka kutoka kwenye mwanga, ukasita, ukageuka, na kutua juu yake.